Mgonjwa wa Mama Kapteni

Mimi ni msusi, na habari ikifika saluni kwangu huwa imeshapita midomo mingi, kila mmoja umetia chumvi yake. Hii haikupita kwa mtu. Niliiona kwa macho yangu, kwa hiyo chumvi yote iliyomo ni yangu, na ikiwa kali mnivumilie, maana sikuzaliwa na ulimi wa sukari.

Mdogo wangu aliolewa na fundi wa ndege za jeshi. Kambini walimwita Spana. Alikuwa mtu wa maneno machache, mikono haiishi grisi, na akija kwangu kutembea hakai mpaka akaze kila skrubu iliyolegea kwenye viti vya wateja. Mke wake alimpenda hadi nikawa naona aibu mimi. Waliishi kwenye zile nyumba za jeshi zilizopangwa mistari, vyumba viwili na jiko, ukipiga chafya huku jirani anakuombea afya kule. Hospitali ya jeshi iko ng'ambo ya barabara tu, madirisha ya wodi yanatazama milango ya nyumba.

Siku ya ajali nilikuwa pale tangu asubuhi, nimekwenda kumsuka mdogo wangu. Mvua ilikuwa imeamka kabla yetu. Upepo unapiga mabati, ukungu umeshuka mpaka huoni mnara wa maji wa kambi, na mnara wenyewe uko hatua chache kutoka dirishani. Spana alikunywa chai amesimama. Akasema leo watashinda chini wanacheza karata, kwa hali hii hata ndege wenye manyoya wamebaki kwenye viota vyao. Akatoka na kofia yake ya mvua, wala hatukumuaga vizuri, maana tulijua anarudi kula mchana.

Kumbe mkuu wa kambi alikuwa na mambo yake. Kiongozi mmoja mkubwa alikuwa anatembelea kikosi cha mpakani kesho yake, na kule hakukuwa na viti vya heshima. Viti, jamani. Vile vyenye mito ya rangi nyekundu. Rubani wao, kijana tuliyemwita Kapteni, alimwambia mkuu kwamba vilima havionekani. Mkuu akamjibu, "Nimekuomba utabiri wa hali ya hewa, au nimekupa amri?" Basi wakapakia viti. Wakapaa Kapteni, Spana, na askari wawili waliokuwa wameomba lifti waende likizo. Kijana wa redio, Antena, alibaki kwa sababu shavu lilikuwa limevimba, jino linamuua.

Tuliisikia ikipita juu ya paa. Mdogo wangu alinyanyua kichwa, nikamwambia atulie ananiharibia mstari. Sauti ikaingia kwenye mawingu, ikawa inapungua, kisha haikuwepo. Sisi tulidhani imekwenda mbali.

Afisa alikuja mchana. Wanawake wa mstari ule wote walimwona akishuka kwenye gari na kofia kwapani, na kila mmoja alisimama nyuma ya pazia lake akiomba apite. Alipita milango yote akaja kugonga wetu. Mdogo wangu alifungua, nusu ya kichwa imesukwa, nusu nywele zimesimama. Afisa akasema ndege imegonga kilima na kuwaka moto kwa sababu ya hali mbaya ya hewa, kwamba Kapteni ametolewa akiwa hai na yuko chumba cha wagonjwa mahututi, na kwamba wengine hawakupona. Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya mpira. Kisha akaongeza, sijui kwa nini, labda alifikiri ni faraja, kwamba viti vingi vimepatikana vizima.

Mdogo wangu hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale mlangoni, maji ya mvua yanamwingilia, akaniambia, "Dada, malizia kunisuka, anakuja kula." Nilimalizia, kwa sababu sikujua kingine cha kufanya, na mistari ikaenda upande.

Sanduku lilikuja limefungwa kwa misumari ya kuzungusha, askari wawili wamesimama kila upande. Akaomba amwone. Wakamwambia halifunguliwi, bora amkumbuke alivyokuwa. Akaomba aguse mkono tu. Wakamwambia mama, usitupe kazi ngumu. Tukazika kwa heshima zote, risasi zikapigwa hewani, na mkuu wa kambi akasoma sifa za Spana huku akilikosea jina la baba yake.

Mama Kapteni alikuja mazishini. Huyu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mjane, na Kapteni ndiye mtoto wake pekee. Mwanamke aliyenyooka, gauni limepigwa pasi, mkoba umebanwa kwapani. Watu walishangaa kumwona, maana mwanawe yuko kufa kupona hospitalini, lakini alisimama pale tangu mwanzo hadi mwisho. Alitupa udongo kwa mikono yote miwili. Watu wote walipoondoka yeye alibaki peke yake kwenye kaburi la Spana mpaka dereva akaenda kumwita. Kabla hajaingia garini alimkumbatia mdogo wangu akamwambia, "Pole, binti yangu. Wewe bado kijana, utaolewa tena."

Udongo haujakauka, mtu anazungumzia kuolewa. Nikataka kumpa vidonge vyake pale pale, lakini ni mama wa mtu mgonjwa, nikameza.

Haukupita muda afisa wa nyumba akaja. Yeye alijiona mpole kabisa. Alieleza kwamba nyumba ni ya fundi, siyo ya mjane wa fundi, na fundi mpya ameshateuliwa. Kesho yake mke wa fundi mpya akaja na kamba ya kupimia, akapima madirisha kwa ajili ya mapazia huku mdogo wangu amekaa sebuleni kwenye mkeka wa msiba. Alipofika dirisha la chumbani akauliza kama jua la mchana linaunguza. Mdogo wangu akamjibu kwa adabu kwamba linaunguza kidogo. Mimi ningemvisha ile kamba shingoni.

Antena alikuja kutusaidia kufunga mizigo. Kijana mrefu, mwembamba, masikio yamesimama, shavu bado lina uvimbe. Alikuwa ameazima gari dogo la mizigo, na mchana kutwa akawa anabeba masanduku, mdogo wangu anampokeza, watu wanapita wanatazama. Yeye na Spana walikuwa chanda na pete. Alikuwa anajikaza kisabuni, lakini kila akishika kitu cha Spana lazima akiweke chini kwanza apumue.

Mdogo wangu alikuwa anakunja nguo za mumewe. Akasema, siyo kwa kumwuliza mtu, "Lile jaketi lake la kurukia hawakuniletea. Nilitaka hilo tu."

"Aliungua nalo Kapteni, shemeji," Antena akasema, anafunga kamba. "Sasa hivi litakuwa limeshatupwa."

"Kapteni alifanya nini na jaketi la mume wangu?"

Antena akacheka kidogo, kile kicheko cha msibani. Akaeleza kwamba ulikuwa utani wa rubani na fundi, mambo yao wawili. Hali ya hewa ikiwa mbaya walikuwa wanabadilishana majaketi kabla ya kupanda. Jina la kila mtu limeshonwa kifuani. Kwa hiyo kifo kikija kumtafuta Kapteni kitasoma jina, kitamkamata Spana, kitaona siye, kitarudi kwanza kuuliza kwa mkubwa wake, na kikirudi wao wameshatua wanakunywa soda. Hata siku ile, Antena aliwaona kwa macho yake kwenye mlango wa ndege, mvua inawapiga, wanavuana majaketi huku wanacheka.

Alipofika hapo kamba ikamtoka mkononi.

Walimtoa mtu mmoja kwenye ule moto. Uso umeungua, mikono imeungua, kimo ni kile kile, mwili ni ule ule. Walimjuaje kwamba ni Kapteni? Kwa jina lililokuwa kifuani. Mdogo wangu alisimama kwenye mkeka, sura imebadilika kabisa. "Dada," akaniambia, "mume wangu yuko hapo ng'ambo ya barabara."

Tulikwenda sote watatu vile vile, mdogo wangu pekupeku. Mlango wa chumba ulikuwa umebandikwa jina la Kapteni, askari amekaa kwenye kiti, na Mama Kapteni akatoka kabla hatujafika, akaufunga nyuma yake. Mdogo wangu alipiga magoti. Akamweleza habari ya majaketi, taratibu, anamwita mama kila neno la tatu. Akasema haombi kumwona uso. Aonyeshwe mguu wa kulia tu. Spana aliwahi kuangukiwa na jeki, kidole gumba hakioti ukucha. Kama ukucha upo, ataomba radhi na hatarudi tena.

"Mwanangu hana kasoro mguuni," Mama Kapteni akasema. Akamgeukia askari. "Huyu binti amechanganyikiwa kwa msiba. Mtoeni kwa upole, mgonjwa anahitaji utulivu."

Antena akajaribu kusema alichokiona. Yule mama akamtazama kutoka kwenye viatu mpaka kwenye masikio, kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyechelewa, na kijana wa watu akashindwa kuendelea.

Tukaenda kwa mkuu wa kambi. Huyo alitusikiliza akiwa anakunywa chai, ana mikate midogo kwenye sahani, hakutukaribisha. Akasema mama mzazi amemtambua mwanawe, na mbele ya daktari. "Sasa mnataka mimi niamini nini, jaketi au mama mzazi?"

"Ninyi ndio mlioamini jaketi," nikamwambia. "Mama mlimleta baadaye, mkamwonyesha mtu aliyefungwa bandeji mpaka kwenye kope."

"Mama," akaniambia, "marehemu amepigiwa risasi za heshima. Jeshi halipigi risasi za heshima kimakosa."

Ukisikia mtu amekosa la kusema akasema lililo kubwa, ndilo hilo. Nikamwambia basi apige nyingine za kufuta zile. Tulitolewa nje, mimi nikiwa nimeshikwa kiwiko.

Baada ya hapo mdogo wangu akawa anakaa kwenye ukingo wa barabara, mbele ya lango la hospitali, tangu asubuhi mpaka jua linazama. Askari wa langoni wakimfukuza anavuka, wakimsahau anarudi. Wake wa wanajeshi wakaanza kuzunguka njia nyingine ili wasimwone. Antena alikuwa anamletea chai kwenye chupa, anakaa naye kidogo, kisha anaenda kuhamisha mizigo iliyobaki. Na mimi nilikuwa natafuta nafasi yangu. Nilijua yule mama lazima afue, na taulo za mgonjwa haziwezi kukaukia wodini.

Nilimkuta nyuma ya jengo, kwenye kamba za kuanikia. Nilipitia jikoni, mpishi mmoja ni mteja wangu. Alikuwa amebana vibanio mdomoni, ananyoosha taulo moja moja kwa kiganja. Aliponiona hakushtuka.

Nilikuwa nimejiandaa kutukana. Badala yake nikamwuliza swali moja tu: "Ukucha upo?"

Akatoa vibanio mdomoni. Akavibana kwenye taulo, kimoja huku, kimoja kule. "Haupo," akasema.

Nilikuja na maneno ya kupigana na uongo, sikuwa na neno la kupigana na hilo.

"Siku ya kwanza niliamini," akaendelea. "Waliniambia mwanao huyu hapa, nikamshukuru Mungu. Siku ya pili wakaniruhusu nimwoshe miguu. Miguu ya mwanangu naijua, nimeikata kucha mimi. Nikaosha mguu wa mtu mwingine mpaka mwisho, nikaufuta, nikaufunika. Kesho yake mlikuwa mnazika."

"Ukaja mazishini."

"Ulitaka nisije kumzika mwanangu?" Aliniuliza kwa mshangao wa kweli. "Mlidhani nilikuja kwa ajili yenu?"

Nilimwuliza anarudisha nini kwa kumficha mume wa mtu. Akasema harudishi kitu. Akasema kwamba kila asubuhi daktari anamwuliza mama, mwanao ameamkaje, na yeye anajibu ameamka vizuri. Basi. Akiacha kujibu hivyo hana kingine cha kuamkia. "Mdogo wako ameshalia," akaniambia. "Watu wameshampa pole, ameshafika nusu ya njia. Ana umri. Mume mwingine anapatikana. Mimi mwenzenu nitampata wapi mwana?"

"Yule ni mtu," nikamwambia. "Anasikia?"

"Anasikia kila kitu. Macho yamefungwa, na koo lina mpira, hawezi kusema. Lakini anasikia."

"Na unamwita mwanangu?"

Akachukua taulo nyingine. "Anazoea," akasema.

Nikamwambia nitalitangaza kambi nzima. Akanijibu nitangaze hata sokoni, yeye ni mama mzazi na mimi ni msusi. Alisema bila dharau, na hilo ndilo lililonikata maini, maana lilikuwa kweli. Nilirudi barabarani nikamwambia mdogo wangu. Nilidhani atalia, atapasua vioo. Alinikumbatia huku anacheka. "Yuko hai, dada. Yuko hai." Akawa anarudia tu, na Antena amesimama na chupa ya chai anafuta machozi.

Tulijaribu kila mlango. Daktari akasema familia imeshatambuliwa. Kiongozi wa dini wa kambi akasema tuombe. Mdogo wangu alijaribu hata kuita kutoka nje ya dirisha, akaita jina la mumewe mara moja tu kabla ya askari kumziba mdomo. Siku hiyo, wauguzi walisema baadaye, mgonjwa alitaka kuinuka kitandani, mpaka wakamfunga mikono.

Asubuhi ya mwisho tulikuwa ndani ya nyumba. Imebaki tupu, mapazia ya watu wapya yameshatundikwa, fundi mpya amekaa nje kwenye masanduku yake anangoja tutoke. Mama Kapteni akaja kwa miguu, anavuka barabara na mkoba wake kwapani. Hakubisha hodi.

"Daktari anasema hafiki jioni," akamwambia mdogo wangu. "Damu imeingia sumu. Njooni mchukue mgonjwa wenu."

Mdogo wangu alimwangalia tu. Mimi ndiye niliyeuliza. "Kwa nini leo? Siku zote hizi alikuwa wako."

"Siwezi kumwona mtoto wangu akifa," akasema. "Akifia mikononi mwangu nitakuwa nimefiwa. Akifia kwenu, mmefiwa ninyi. Mmeshazoea."

Nimesikia maneno mengi katika kazi yangu, wanawake wakikaa kichwa kimeinama hutoa ya moyoni. Sijasikia linaloshinda hilo. Lakini mdogo wangu alikuwa ameshatoka mlangoni anakimbia, anamwita Antena amfuate, kwamba Spana atafurahi kusikia sauti ya rafiki yake.

Askari wa mlangoni alimtazama Mama Kapteni, naye akaitikia kwa kichwa kwamba tupite. Zilikuwa zimepita siku nyingi za kupiga magoti, na lango lilifunguliwa kwa kichwa tu. Mdogo wangu akaingia. Antena akaingia nyuma yake. Mimi nilibaki kwenye benchi la nje na yule mama, kwa sababu nilikuwa na vidonge vyake vimejaa mdomoni na niliona hakuna siku nyingine ya kumpa.

Nilimpa. Nilimwambia kila nililokuwa nimelimeza tangu makaburini. Alisikiliza amekaa wima, mikono juu ya mkoba. Mlango ulikuwa haukufungwa vizuri, tukawa tunasikia sauti ya mdogo wangu kule ndani, "Mume wangu, ni mimi. Ni mimi, nimekuja," na baadaye kidogo sauti ya Antena.

Yule mama akageuza uso. "Anayesema ni yule wa redio?"

"Ndiye, Antena. Rafiki yake."

Mkoba ukamtelemka magotini. Kwa mara ya kwanza nilimwona kama mtu mzima aliyechoka.

"Alikuwa anahangaika sana," akasema, hanitazami. "Baada ya yule binti kuita dirishani. Usiku hapumziki, mchana hapumziki, anapapasa shuka kama anamtafuta mtu. Daktari akasema akiendelea hivyo atakufa. Mimi nilitaka aishi. Nikamwambia." Akaushika mkoba. "Nilikuwa nimewaona kwa dirisha, wanapakia vyombo kwenye gari, yeye na yule kijana mrefu. Nikamwambia mkeo alikuja kuaga. Amehama na yule wa redio. Usimngoje. Basi akatulia. Tangu siku hiyo hakusumbua tena."

Sikujua nimefikaje ndani. Nakumbuka tu mlango ulivyogonga ukuta.

Alikuwa amelala ubavu, mgongo kwao, bandeji nyeupe zimeelekea ukutani. Mdogo wangu amepiga magoti kando ya kitanda, uso umelowa na unang'aa. Antena amesimama nyuma yake, mkono begani kwake.

"Alinijua, dada," mdogo wangu akaniambia kwa sauti ya chini. "Niliposema ni mimi, alinishika kidole, akanibana kwa nguvu, sijui nguvu ile ameitoa wapi. Kisha Antena akamsalimia. Akamwambia, Spana, usiwe na wasiwasi, shemeji nimemtunza mimi. Basi akaniachia, akageuka, akatulia. Sasa amelala."

Nilipita upande wa ukutani, nikajibana kati ya kitanda na ukuta, nikaweka mdomo pale ambapo sikio lilitakiwa kuwa. "Shemeji," nikasema, "shemeji, nisikilize." Nikarudia. Muuguzi alikuwa ameshika kifundo cha mkono wake upande wa pili. Alinitazama, akauweka ule mkono chini polepole, akaanza kufungua mpira wa koo bila haraka yoyote.

Mkuu wa kambi alilimaliza jambo kwa namna yake. Jeshi halifukui makaburi, alisema. Spana akazikwa kwa jina la Kapteni, bila risasi, wachache tu, na kaburi la Spana likabaki na Kapteni ndani yake. Tulipolalamika akatuambia, "Majina yote mawili yapo, miili yote miwili ipo. Mnataka nini tena?" Mama Kapteni simwoni siku hizi. Wanasema anakwenda makaburini, anapita kaburi lenye jina la mwanawe bila hata kuligeukia.

Mdogo wangu anaishi kwangu, amejifunza kusuka. Antena aliacha jeshi akafungua duka la kutengeneza redio mtaa wa pili. Ni kijana mwema, siwezi kumtia doa. Maji yakikatika ndiye anayetuletea, na mwezi uliopita alikuja amevaa shati jipya, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniomba mimi kama dada mkubwa nimruhusu amwoe.

Nikasema nitampa jibu. Mdogo wangu ndiye aliyenifuata jikoni. Nilimwona anavyosokota kitambaa vidoleni, nikajua anataka, na anaogopa kutaka.

"Unadhani marehemu angekubali?" akaniuliza. "Niambie kweli, dada. Wewe hunifichi kitu."

Mimi, ambaye mtaa mzima unajua kwamba siri haikai tumboni mwangu hata chai haijapoa, nilisimama pale na sufuria mkononi. Antena alikuwa ameinuka, yuko mlangoni, anangoja.

"Angekubali," nikasema.

Antena akajifuta uso kwa mkono wa shati lake jipya. "Nilijua," akasema. "Ndiyo maana siku ile aliponisikia aligeukia ukutani. Hakutaka tumwone analia."

Wakanitazama wote wawili. Nikawaambia ndiyo, ilikuwa hivyo.